Bendi Iliyojiita Nyota Kubwa, na Gita la Uvunguni

Najua nimepotea. Mwezi mzima hakuna kilichoandikwa hapa, na wengine mmeshaanza kuniuliza kama nimedisko. Sijadisko. Ni mambo ya ripoti ya utafiti tu, msimamizi amenirudishia sura ya pili mara tatu, si mnajua tena. Ila leo nimeiweka pembeni, nimekaa zangu kimbwetani, na nataka kuandika kitu ambacho hakina maksi hata moja.

Jumanne niliulizwa swali. Nilikuwa kwenye foleni ya wali maharage, dada mmoja wa mwaka wa pili nisiyemfahamu akanigusa begani: "Samahani kaka, wewe si ulikuwa unakaa chumba kimoja na yule kaka wa gita? Bado anaimba?" Nikamwambia hapana, aliacha. Akasema, "Jamani, kwa nini?" Sikuwa na jibu. Nilichukua sahani yangu nikaenda kukaa peke yangu, na tangu siku hiyo kichwani mwangu kuna bendi moja tu inayopiga.

Bendi yenyewe si ya hapa kwetu. Ni ya vijana wanne wa Memphis, Tennessee, Marekani, waliorekodi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Walijiita Big Star, yaani Nyota Kubwa. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1972, wakaipa jina la #1 Record, kana kwamba namba moja wameshaishika. Kwa wakati ule haikuuza hata nakala 10,000. Ndiyo, cheka tu. Hata mimi nilicheka siku ya kwanza. Wapenzi wa singeli mnaweza kwenda kunywa chai mrudi baadaye, mi sitakasirika, lakini mtakosa stori.

Niliwajuaje? Kwa kubebwa. Mwaka wa kwanza nilikosa chumba. Nilikuja na tranka na godoro langu nikijua nina kitanda, kumbe majina yalishabandikwa na la kwangu halimo. Nikalala siku mbili kwa kubahatisha. Siku ya tatu jamaa mmoja wa mwaka wa pili uhandisi akaniona nimekaa juu ya tranka nje ya hosteli. Akaniuliza, "Mdogo wangu, unalala wapi leo?" Nikamwambia ukweli. Akasema, "Beba tranka, twende." Kwa wale wasiosoma huku kwetu, kubebwa ni kulala chumba cha mtu wakati jina lako haliko kwenye orodha. Mnagawana kitanda cha futi tatu, mmoja kichwa huku mwingine kichwa kule, na ukaguzi ukija wewe uliyebebwa ndiye unayejua pa kujificha. Sitamtaja jina kwa sababu si mtu wa kupenda kutajwa. Hapa nitamwita Mwenyeji.

Mwenyeji alikuwa na vitu viwili vya thamani. Gita kavu alilolinunua kwa bumu la mwaka wa kwanza, akala mihogo mwezi mzima, na laptopu ya mtumba kutoka Kariakoo. Ile laptopu waliouza hawakuifuta vizuri. Ndani yake mlibaki folda moja ya mwenye nayo wa zamani, mtu ambaye hatutamjua kamwe, na ndani ya folda mlikuwa na nyimbo ishirini na kitu. Zote za Big Star. Hakukuwa na kingine, hata picha moja. Mwenyeji alizisikiliza kwanza kwa kukosa bando, baadaye kwa kuzipenda. Nami nilipohamia upande wa miguu yake nikazikuta zinapiga kila usiku, hedifoni moja, sikio lake na sikio langu.

Sasa niwaeleze muziki wenyewe. Mtindo wao unaitwa pawa popu. Chukua utamu wa Beatles, zile sauti tatu zinazopandiana kama kwaya, halafu weka gita la umeme lenye nguvu, ngoma zinazopigwa kwa hasira kidogo, na wimbo uishe kabla hujauchoka, dakika tatu hivi. Ndiyo hiyo. Ni muziki wa kufurahi, lakini kwa Big Star furaha ile ina kitu kinauma kwa ndani. Sikilizeni "September Gurls" mtaelewa. Gita linalia kama kengele ya asubuhi, mwili unataka kucheza, na wakati huohuo unajisikia kama umeachwa stendi na basi la mwisho. Halafu kuna "Thirteen", gita kavu na sauti tu, wimbo wa mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyependa kwa mara ya kwanza. Kwa mara ya kwanza nilipousikia nilijifanya nina mafua.

Bendi ilianza kwa Chris Bell. Huyu alikuwa kijana wa familia yenye uwezo, mkimya, mpenda Waingereza hadi mwisho, anayeweza kukaa studio usiku kucha akirekebisha sauti moja. Studio ilikuwa Ardent, ya bwana mmoja aitwaye John Fry, ambaye aliwafundisha vijana wale kurekodi na kuwaachia mitambo wajifunze wenyewe usiku. Jamani, nani siku hizi anaachia watoto mitambo? Pamoja na Bell alikuwepo Andy Hummel kwenye besi na Jody Stephens kwenye ngoma. Mwaka 1971 akajiunga Alex Chilton.

Chilton alikuwa ameshakuwa staa. Mwaka 1967, akiwa na miaka 16 tu, aliimba "The Letter" na kundi la Box Tops, na wimbo ukashika namba moja Marekani. Akazunguka na kundi lile hadi 1970, akachoka kuimba alichopangiwa na watu wazima, akaacha. Kwa hiyo alikuja Big Star akiwa na miaka 20, mtu aliyeshaonja umaarufu na hakuona utamu wake. Na hilo jina la bendi msidhani ni majivuno. Big Star lilikuwa jina la maduka ya vyakula, moja lilikuwa jirani na studio. Waliona bango, wakalichukua.

Albamu ikatoka, wachambuzi wakaisifu. Sasa kwa nini haikuuzika? Hapa ndipo Mwenyeji alikuwa anasimama kitandani kabisa na kuanza lekcha. Ilikuwa hivi. Zamani zile wimbo haukuwa unapakuliwa. Lazima santuri itengenezwe kiwandani, msambazaji aipeleke dukani, redio iupige, msikilizaji aupende, atoke nyumbani aende dukani aikute. Ukikatika mmoja tu kati ya hatua hizo, kwisha habari. Ardent ilikuwa lebo ndogo, na usambazaji wake ulikuwa mikononi mwa Stax, ile kampuni kubwa ya Memphis ya akina Otis Redding na Isaac Hayes. Stax walijua kuuza soul kwa watu weusi kuliko mtu yeyote. Lakini vijana wanne weupe wenye magita na sauti za Kiingereza cha Uingereza, hao walikuwa bidhaa ngeni kwenye duka lao. Watu waliposikia wimbo redioni wakaenda dukani, santuri haipo.

Halafu Stax wakaingia mkataba na Columbia, kampuni kubwa zaidi, ili iwasambazie. Mnaona mwanga? Subirini. Bosi wa Columbia aliyefunga mkataba ule, Clive Davis, akafukuzwa kazi Mei 1973. Waliobaki hawakuwa na haja na Stax, na kwa Big Star ndiyo kabisa. Albamu ya pili, Radio City, ikatoka mwanzoni mwa 1974, nzuri vilevile, wengine wanasema kuliko ya kwanza, na ikafia palepale. Mwisho wa mwaka 1975 Stax yenyewe ikafilisika. Hebu fikiria, unaandika mtihani vizuri kabisa, halafu lori lililobeba karatasi zako linapinduka njiani. Si kwamba umefeli, karatasi haikufika kwa msahihishaji. Lakini mitaani wanachojua ni kwamba huna matokeo.

Kila mmoja aliumia kivyake. Bell ndiye aliyeumia zaidi. Alikuwa ameweka roho yake yote kwenye albamu ya kwanza, na ilipoanguka akatoka kwenye bendi kabla mwaka 1972 haujaisha, akiwa na msongo mkubwa wa mawazo. Hummel alipiga Radio City, halafu akaacha ili arudi chuo kumaliza mwaka wake wa mwisho. Baadaye akawa mhandisi Texas. Chilton na Stephens wakabaki wawili, wakarekodi mwaka 1974 nyimbo za ajabu, za huzuni, zinazobomoka huku unazisikiliza. Hakuna kampuni iliyozitaka hadi 1978, zikatoka kama albamu ya tatu wakati bendi haipo tena.

Mwaka huohuo wa 1978 Bell naye alitoa santuri ndogo yenye nyimbo mbili, "I Am the Cosmos" upande mmoja na "You and Your Sister" upande wa pili. Kwenye huo wa pili sauti inayomwitikia nyuma ni ya Chilton. Yaani pamoja na yote yaliyopita, alikuja akamwitikia mwenzake. Kwa riziki Bell alikuwa akifanya kazi kwenye biashara ya migahawa ya baba yake. Tarehe 27 Desemba 1978, usiku, gari lake liligonga nguzo akafa. Alikuwa na miaka 27. Walimzika kesho yake, siku ambayo Chilton alikuwa anatimiza miaka 28.

Kila tulipofika hapo Mwenyeji alikuwa ananyamaza. Anachukua gita, anapiga kidogo, tunalala.

Sasa nirudi kwenye hosteli, maana stori ya Memphis bila ya huku kwetu haitakamilika. Mwenyeji alijifunza gita kwa nyimbo zile. Baadaye akaanza kutunga zake, kwa Kiswahili. Hakuiga maneno ya watu wa Memphis. Aliandika kuhusu foleni ya maji, kuhusu bumu lililochelewa, na wimbo mmoja kuhusu daladala ya mwisho ya usiku inayoondoka na msichana ambaye hukumaliza kuongea naye. Huo wa daladala, wandugu, ulikuwa wimbo kweli. Kibwagizo kilikuwa cha sauti tatu, yeye na washkaji wawili wa kozi yake, na kilikuwa kinanata kama ulimbo. Mimi nilikuwa nauimba bafuni.

Nilipofika mwaka wa pili, wakaomba kupanda jukwaani usiku wa kuwakaribisha wanafunzi wapya. Wakapewa nafasi saa nne na nusu usiku, katikati ya madijei wawili. Ukumbi umejaa, watu wamelowa jasho, spika zinatoa singeli mpaka madirisha yanatetemeka. Ghafla muziki unazimwa, wanapanda vijana watatu na gita kavu. Maiki ya gita haikutoa sauti. Ya pili ikawa inapiga mluzi. Wakaanza hivyohivyo. Dakika ya kwanza watu walidhani wanajaribu mitambo. Dakika ya pili wakaanza kutoka nje. Kuna mtu nyuma akapaza sauti, "Hapa sio jumuiya, mzee!" na ukumbi mzima ukacheka.

Na mimi nilicheka.

Sijawahi kuliandika hili popote. Nilikuwa nimesimama na watu wa darasa langu, hawakujua kuwa yule ndiye aliyenibeba, wakacheka, nami nikacheka nao. Tena kwa sauti. Taa za jukwaani zilikuwa zinawapiga usoni, kwa hiyo sijui kama aliniona. Walimaliza wimbo wa daladala mbele ya watu labda kumi na tano waliosogea karibu ili wasikie, wakashuka, dijei akarudi, ukumbi ukajaa tena.

Usiku ule chumbani hakusema neno. Alilifunga gita kwenye shuka, akalisukuma uvunguni. Siku chache baadaye nilimuuliza juu juu tu, "Vipi mazoezi?" Akacheka, akasema, "Hummel alifanya la maana. Alirudi darasani." Nikaona basi, kaamua. Sikuuliza tena. Nilijiambia namheshimu, kumbe nilikuwa naogopa kuongelea usiku ule. Mwaka huu nimepata kitanda cha kwangu, yeye yuko mwaka wa nne hosteli ya upande wa pili, tunasalimiana, tunachangiana madesa, tunaongelea mpira. Gita hatuligusi.

Ndipo nirudi kwenye swali la yule dada wa Jumanne. Kumbe alikuwa mmoja wa wale kumi na tano. Ilikuwa wiki yake ya kwanza chuoni, hana rafiki hata mmoja, akasogea mbele kwa sababu kule nyuma kulikuwa na msukumano. Akaniambia wimbo ule ndio kitu cha kwanza alichokipenda hapa. Halafu, pale pale kwenye foleni, akauimba kwa kunong'ona kibwagizo chote. Hakukosea hata noti moja. Aliusikia mara moja tu, bila maiki.

Hivi ndivyo Big Star walivyookoka, wandugu. Zile nakala chache zilizouzwa hazikutupwa. Zilipita mkono kwa mkono, wengine wakawa wanarekodiana kwenye kaseti. Mwaka 1978 zile albamu mbili zilitolewa tena Uingereza zikiwa pamoja, nako zikapata watu wao. Vijana waliozisikia wakaja kuunda bendi zao. Peter Buck wa R.E.M. alikuwa anawataja kila mahali. Bangles waliurudia "September Gurls" mwaka 1986, na albamu yao ikauzika sana. Mwaka 1987 The Replacements walitoa wimbo ambao jina lake ni "Alex Chilton" tu, basi. Kule Scotland, Teenage Fanclub wakajenga karibu muziki wao wote kwenye msingi ule. Baadaye mamilioni waliusikia "In the Street" kila wiki bila kujua ni wa nani, maana ndio uliotumika kufungulia tamthilia ya That '70s Show iliyoanza 1998.

Na mwenyewe Chilton alikuwa wapi? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa New Orleans, ameacha pombe, anaosha vyombo mgahawani. Mtu wa namba moja wa 1967! Baadaye akarudi kwenye muziki, lakini kwa Big Star hakuwa na hamu. Wakimuuliza anajibu kama mtu anayeulizwa kuhusu mchumba wa zamani. Watu wote wenye akili walijua kwamba bendi ile haitarudi. Hakuna hata haja ya kuuliza.

Sasa sikilizeni hii. Mwaka 1993 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Missouri, watu wa redio ya chuo inayoitwa KCOU, walikuwa wanatafuta bendi ya kupiga kwenye sherehe yao. Wanafunzi tu kama sisi, hawana kampuni, hawana jina. Wakampigia simu Jody Stephens, yule mpiga ngoma, wakamuuliza kama Big Star inaweza kuja. Stephens akasema yeye hana neno, kama Alex atakubali. Si unajua, ni lile jibu la "muulize baba". Wakamuuliza Alex. Alex akasema sawa.

Hakuna aliyeamini. Baada ya karibu miaka ishirini, kumbe jibu lilikuwa sawa! Bell alishafariki, Hummel hakuja, kwa hiyo wakawachukua Jon Auer na Ken Stringfellow wa bendi ya Posies, vijana waliokuwa wanazijua nyimbo zile kwa moyo. Tarehe 25 Aprili 1993 wakapiga ndani ya hema, chuoni. Onyesho likarekodiwa, likatoka kama albamu mwaka huohuo. Na haikuishia hapo. Big Star ile mpya iliendelea kupiga hapa na pale kwa miaka 17, wakatoa hata albamu mpya mwaka 2005.

Chilton alifariki New Orleans tarehe 17 Machi 2010 kwa ugonjwa wa moyo, ana miaka 59. Siku tatu baadaye Big Star walikuwa wapige Austin, Texas. Onyesho halikufutwa, waliobaki na marafiki zao walipanda wakamuimbia. Hummel naye akafariki Julai mwaka huohuo. Leo katika wale wanne amebaki Stephens peke yake. Ukihesabu vizuri, wale wanafunzi wawili waliwapa watu miaka 17 ya Chilton akiziimba nyimbo zake mwenyewe, na gharama yake ilikuwa simu mbili.

Nililifikiria hilo usiku wa Jumanne mpaka saa nane. Siku zote tukiwa tunasikiliza, mi nilidhani mkasa wa Big Star ni wa kampuni: Stax, Columbia, wasambazaji, malori. Ni kweli walikosewa na mfumo. Lakini miaka yote ile baada ya hapo, Chilton akiosha vyombo, kilichozuia si kampuni tena. Ni watu waliompenda kudhani kwamba wanajua jibu lake. Mfumo wa kule ukumbini nao nimeshausema sana, maiki mbovu, ratiba mbovu, sawa. Ila maiki haikunizuia mimi kutembea hatua mia mbili hadi hosteli ya upande wa pili.

Nikachukua simu. Niliandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Mwisho nikatuma hivi: "Kaka, kuna dada wa mwaka wa pili anaujua wimbo wako wa daladala wote, aliusikia siku ile. Ijumaa jioni unaweza kuupiga kimbwetani? Watu watano tu, hakuna maiki. Halafu kitu kingine. Usiku ule na mimi nilicheka. Nisamehe."

Tiki mbili za bluu zikatokea hapohapo. Jibu halikuja. Nikalala, nikaamka, hamna. Jumatano mchana hamna. Nilienda maktaba nikasoma ukurasa mmoja saa mbili nzima. Nikaanza kujilaumu kwamba bora ningenyamaza, angalau tulikuwa tunasalimiana.

Jioni simu ikalia. Ujumbe wa mistari miwili. Wa kwanza: "Nilikuona." Moyo ulinipasuka paa. Wa pili: "Gita halina uzi wa kwanza na wa tatu."

Nimeusoma labda mara thelathini. Hakusema atakuja. Hakusema amenisamehe pia. Lakini mtu asiyetaka kupiga hakagui nyuzi, au mnaonaje? Inamaanisha alilitoa uvunguni, akafungua ile shuka.

Kwa hiyo leo mchana nilipanda daladala hadi Kariakoo kutafuta nyuzi. Bumu halijaingia, nimekopa kwa mshkaji wa chumbani. Zimo mfukoni hapa nikiandika, seti nzima, maana sikujua kama wanauza mojamoja. Kesho ni Ijumaa. Saa kumi na moja jioni nitakuwa kimbwetani pale karibu na mwembe, yule dada amesema atakuja na rafiki yake. Na wewe ukipita njia, karibu, ila ukija usije na spika yako.

Ripoti itasubiri. Nitawapa mrejesho, ukiwa mzuri au mbaya. Tuko pamoja.